Ushindani, Ubunifu na Mteja wa Gulio Letu

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na Afisa Biashara wa Wilaya mbele ya wakazi na wafanyabiashara wa kata, katika mkutano wa hadhara ulioitishwa kuzungumzia ombi la kuwazuia wachuuzi wa nje ya kata kuuza bidhaa katika gulio la kila wiki. Tunaichapisha kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Awali ya yote nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kuketi hapa. Najua kwamba kwa mfanyabiashara mdogo, kufunga banda kwa nusu siku si jambo jepesi. Kwa hiyo sitawachosha kwa maneno mengi ya utangulizi.

Halmashauri imepokea barua kutoka kwa baadhi ya wafanyabiashara wa kata hii. Wanaomba wachuuzi wanaotoka nje, wale wanaokuja na magari siku ya gulio na kuondoka jioni, wazuiwe. Hoja yao ni kwamba wageni hao huuza kwa bei ya chini kwa siku moja, huzoa fedha za wanakijiji, kisha huwaacha wenye mabanda ya kudumu wakikaa siku sita bila mteja. Upande wa pili, wapo wakulima na akina mama waliotuambia kwa mdomo kwamba siku ya gulio ndiyo siku pekee wanayopata mnunuzi wa kweli wa mahindi yao na nguo ya mtoto kwa bei wanayoimudu. Pande zote mbili ni wananchi wetu, na riziki za pande zote mbili zimo hatarini.

Sikuja kutoa uamuzi. Uamuzi utafanywa na vikao vilivyowekwa kisheria baada ya hoja zenu kusikilizwa. Nimeombwa nifanye kazi moja tu: nieleze watafiti wa vyuo vya biashara na uchumi wamegundua nini walipochunguza masoko yanayofanana na letu. Utafiti hauwezi kutuamulia, lakini unaweza kutuepusha na kubishana juu ya mambo ambayo wenzetu wamekwisha kuyapima.

Habari za bei na samaki wa Kerala

Nianze mbali kidogo, katika jimbo la Kerala, kusini magharibi mwa India. Huko wavuvi wengi hutegemea samaki wadogo waitwao sadini, wanaofanana na dagaa wetu. Samaki hawa hawakai. Wakivuliwa alfajiri wasipouzwa asubuhi, wameharibika.

Mtaalamu mmoja wa uchumi, Robert Jensen, alifuatilia masoko 15 ya ufukweni kaskazini mwa jimbo hilo kati ya mwaka 1996 na 2001. Alikuta hali ya kushangaza. Siku moja ya Januari mwaka 1997, katika ufukwe wa Badagara, wavuvi 11 walikosa wanunuzi kabisa. Samaki wao wakawa wa kutupwa. Asubuhi hiyo hiyo, katika masoko mengine mawili yaliyo ndani ya kilomita 15, walikuwapo wanunuzi 27 waliokuwa wakijiandaa kurudi nyumbani mikono mitupu. Samaki walikuwapo, fedha zilikuwapo, njaa ilikuwapo. Kilichokosekana ni habari.

Katika miaka hiyo simu za mkononi ziliingia eneo hilo kwa awamu, wilaya moja baada ya nyingine, na mawimbi yake yalifika baharini kilomita 20 hadi 25 kutoka pwani. Kwa kuwa simu hazikufika kila mahali kwa wakati mmoja, Jensen aliweza kulinganisha wilaya iliyopata na ile ambayo ilikuwa bado. Kabla ya simu, kati ya asilimia 5 na 8 ya samaki walikuwa wakitupwa. Baada ya simu, upotevu huo ulikaribia kwisha. Tofauti za bei baina ya ufukwe mmoja na mwingine zilipungua sana. Faida ya wavuvi iliongezeka kwa wastani wa asilimia 8, na wakati huo huo bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4.

Naomba mlitafakari jambo hilo la mwisho. Tumezoea kuamini kwamba muuzaji akipata, mnunuzi amepoteza, na mnunuzi akipata, muuzaji ameumia. Kerala ilionyesha kwamba pande zote mbili zinaweza kufaidika, kwa sababu kilichoondolewa ni hasara iliyokuwa haimfaidii mtu yeyote. Samaki aliyetupwa mchangani hakumshibisha mlaji wala hakumlipa mvuvi.

Kizuri chajiuza, lakini kwa anayekijua

Utafiti huo una mwendelezo, nao unatugusa sisi moja kwa moja. Jensen na mwenzake Nolan Miller walirudi kuchunguza mafundi wanaounda mashua katika pwani hiyo hiyo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018.

Zamani kila mvuvi alinunua mashua kwa fundi wa kijijini kwake. Si kwamba fundi huyo alikuwa bora kuliko wengine, ndiye aliyefahamika. Ubora wa mashua hauonekani siku ya kununua. Mbili zaweza kufanana kwa rangi na umbo, moja ikadumu miaka mingi na nyingine ikaoza mapema. Mvuvi hakuwa na njia ya kujua hayo kuhusu mafundi wa vijiji vingine.

Simu zilipowafanya wavuvi waanze kuuza samaki katika fukwe za mbali, walikutana na wavuvi wenzao, wakaona mashua zao, wakaulizana: hii umeinunua lini, kwa nani? Ndipo fundi hodari akaanza kupata wateja kutoka vijiji ambavyo hajawahi kuvikanyaga, na fundi lege akaanza kukimbiwa. Mafundi hodari walikua, wakaajiri, wakagawana kazi, huyu wa kupasua mbao, yule wa kuunganisha. Gharama ya kuunda mashua ikapungua na wavuvi wakapata chombo bora zaidi kwa fedha yao.

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Utafiti huu unaongeza sharti moja juu ya methali hiyo: kizuri chajiuza pale tu ambapo mnunuzi ana njia ya kukijua. Katika soko lililofungwa, kizuri na kibaya huuzwa bei moja, na aliyejitahidi hapati malipo ya juhudi yake.

Lakini sitakuwa mkweli kwenu nikieleza upande mmoja tu. Idadi ya mafundi katika pwani ile ilipungua kwa zaidi ya nusu. Wapo waliofunga karakana. Kwa hiyo ndugu zangu mlioandika barua hamjaogopa kivuli. Soko linapofunguka, si kila mtu husalia mahali alipokuwa. Anayewaambia kwamba ushindani hauna aliyeumia, anawadanganya.

Wauzaji wengi, ushindani mdogo

Sasa nisogee karibu na nyumbani, magharibi mwa Kenya. Wataalamu wawili, Lauren Bergquist na Michael Dinerstein, walichunguza wafanyabiashara wa mahindi katika magulio ya huko. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020.

Walijiuliza swali ambalo hata sisi tunajiuliza: tukiwaona wauzaji wengi wamepanga magunia yao mahali pamoja, je, kweli wanashindana? Walifanya jaribio. Waliwapunguzia wafanyabiashara gharama kwa kuwalipa kiasi fulani kwa kila kilo waliyouza. Kama ushindani ungekuwa wa kweli, sehemu kubwa ya nafuu hiyo ingemfikia mnunuzi, kwa kuwa kila muuzaji angeshusha bei ili amvute mteja wa jirani. Ilivyokuwa ni kwamba katika kila shilingi 100 za nafuu, mnunuzi alipata takriban shilingi 22. Zilizosalia zilibaki kwa muuzaji.

Kisha wakafanya jaribio la pili, na hili ndilo linalohusu barua iliyo mbele yetu. Waliwalipa wafanyabiashara wapya waingie katika magulio ambayo hawakuwa wakiuza. Bei ilibadilika kwa kiasi kidogo mno. Mgeni akifika, mara nyingi aliuza kwa bei aliyoikuta. Watafiti walihitimisha kwamba wafanyabiashara wale waliendesha bei karibu kama duka moja lenye milango mingi.

Kwa hiyo, kwa upande mmoja, anayefikiri kwamba kuwafungulia wageni lango peke yake kutashusha bei, utafiti huu haumuungi mkono. Kwa upande mwingine, anayefikiri kwamba wageni ndio chanzo cha kila shida ya mwenyeji, naye haungwi mkono. Linalotenda kazi ni kama mnunuzi anajua bei ya kwingine, na kama muuzaji yuko huru kupanga bei yake mwenyewe.

Hapa sina budi kukumbusha sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza makubaliano ya wafanyabiashara ya kupanga bei kwa pamoja, na Tume ya Ushindani ndiyo iliyopewa jukumu la kuisimamia. Kukaa kikao cha kupanga ulinzi wa soko, usafi au ununuzi wa pamoja wa bidhaa ni jambo jema na tunalihimiza. Kukaa kikao cha kuamua kwamba kuanzia kesho hakuna atakayeuza chini ya bei fulani ni kosa, hata kama wote mliokaa ni ndugu na majirani.

Je, mmoja akiinuka, jirani huanguka?

Hofu kubwa katika barua ile ni kwamba wateja wa kata hii ni wale wale, na kila shilingi aipatayo mmoja ameinyang'anya kwa mwingine. Ni hofu yenye mantiki, nayo imepimwa.

Nchini Kenya, watafiti David McKenzie na Susana Puerto walifuatilia wanawake 3,537 wanaofanya biashara katika magulio 157 ya vijijini. Baadhi walipewa mafunzo ya biashara, wengine hawakupewa. Tena walipanga kwa makusudi kuwe na magulio ambayo hakuna aliyefundishwa, ili waweze kuona kama waliofundishwa walikuwa wakiwanyang'anya wateja wenzao. Baada ya miaka mitatu, mauzo ya waliofundishwa yalikuwa juu kwa asilimia 18 na faida kwa asilimia 15. Wale ambao hawakufundishwa, waliokuwa wakiuza pembeni yao, hawakuonekana kupoteza. Gulio lenyewe lilikuwa limekua. Watu walinunua zaidi kwa sababu kulikuwa na cha kununua, na huduma ilikuwa bora zaidi.

Sisemi kwamba itakuwa hivyo kila mahali. Mmesikia habari za mafundi wa mashua. Nasema tu kwamba soko si sinia la wali ambalo mkono mmoja ukichota, mwingine hukosa. Linaweza kupanuka, na upanuzi wake unategemea sana kile tunachokifanya wenyewe ndani ya mabanda yetu. Nitaeleza mambo manne.

La kwanza: chenji

Mnacheka, lakini jambo hili limeandikiwa makala ya kitaalamu. Watafiti Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walichunguza biashara ndogo nchini Kenya, wakahesabu ni mara ngapi mteja anakuja na noti kubwa, muuzaji hana chenji, na mauzo yanapotea, au muuzaji analiacha banda akimbilie kwa jirani kutafuta chenji huku wateja wengine wakipita. Walikadiria kwamba biashara hizo zilikuwa zikipoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida kwa sababu hiyo pekee.

Fikirini: mtu hana haja ya mkopo, hana haja ya banda jipya, anahitaji kutenga sarafu na noti ndogo tangu jioni. Kilichowashangaza zaidi watafiti ni kwamba kule kuwauliza tu wafanyabiashara kila wiki, "Je, wiki hii umepoteza wateja wangapi kwa kukosa chenji?" kuliwafanya wengi wabadili mwenendo. Tatizo lilikuwa mbele ya macho yao kila siku, ila hakuna aliyewahi kulihesabu.

La pili: mifuko miwili

Wapo wanaodhani kwamba bila kusoma uhasibu mtu hawezi kuendesha biashara kwa hesabu. Katika Jamhuri ya Dominika, watafiti Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar waliwagawa wafanyabiashara wadogo katika makundi. Kundi moja lilifundishwa uhasibu wa kawaida. Kundi jingine lilifundishwa kanuni chache rahisi, na kubwa miongoni mwake ilikuwa kutenganisha fedha ya biashara na fedha ya nyumbani, kila moja iwe na mfuko wake, na mwenye biashara ajilipe kiasi maalumu. Kundi la kanuni rahisi ndilo lililoboresha uendeshaji wa biashara kwa namna iliyo wazi. Wengi wa waliofundishwa uhasibu wa kitabuni walirudi makwao na kuendelea kama zamani.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lisiwe la kutisha. Kurasa mbili zatosha: kilichoingia na kilichotoka. Na mifuko miwili isichanganywe, hata mtoto akihitaji daftari la shule. Fedha ya daftari itoke katika mfuko wa nyumbani.

La tatu: kumjua mteja, si kumdhania

Mwaka 2000 watafiti wawili wa Marekani, Sheena Iyengar na Mark Lepper, walichapisha jaribio lililopata umaarufu mkubwa katika vyuo vya biashara. Waliweka meza ya kuonjesha jamu dukani. Kuna saa walipanga aina 24, na kuna saa walipanga aina 6. Meza ya aina 24 iliwavuta asilimia 60 ya waliopita, na ile ya aina 6 iliwavuta asilimia 40. Lakini katika waliosimama penye aina 24, walionunua ni asilimia 3 tu, ilhali penye aina 6 walinunua asilimia 30. Ikasemwa kwamba wingi wa bidhaa humchanganya mteja.

Wengi waliishia hapo, wakaanza kufundisha kwamba punguza bidhaa utauza. Hata hivyo, mwaka 2010 watafiti wengine walikusanya majaribio 50 ya aina hiyo wakayapima kwa pamoja. Walikuta kwamba kwa wastani, wingi wa bidhaa haukuwa na athari ya kutajika. Mahali pengine ulisaidia, mahali pengine ulidhuru.

Nimewaletea mfano huu makusudi. Kwanza, msimwamini kila anayesimama jukwaani na tarakimu, hata mimi. Pili, mteja wa gulio letu si mteja wa duka la California. Njia ya kumjua ni kujaribu kidogo na kuhesabu. Mwenye duka la vitenge apange doti chache mbele kwa wiki mbili, kisha apange nyingi kwa wiki mbili, aandike mauzo. Kazi hiyo haihitaji shahada. Mfanyabiashara anayeifanya ni mtafiti sawasawa na mwalimu wa chuo.

La nne: ubunifu

Neno hili limechakaa kwa kutumiwa ovyo. Vijana wetu wanadhani ubunifu ni lazima uwe programu ya simu. Nchini Togo, katika mji wa Lomé, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa mafunzo ya kawaida ya biashara: uhasibu, masoko, fedha. Kundi la pili lilifundishwa kwa njia ya kisaikolojia: kujianzishia jambo bila kungoja kuambiwa, kutazama mbele, kujitofautisha na jirani, na kuvumilia vikwazo. Kundi la tatu halikupewa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Faida ya kundi la pili iliongezeka kwa asilimia 30 ikilinganishwa na wasiofundishwa. Ya kundi la kwanza iliongezeka kwa asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati.

Tukitembea katika gulio letu tutaona mabanda kumi ya nyanya, kitunguu na mafuta ya kupimwa, yamefuatana, yanafanana, na bei ni moja. Mteja hana sababu ya kumchagua huyu badala ya yule isipokuwa undugu. Ubunifu kwa muuza nyanya ni kuzichambua, zilizoiva mbele, za kukaa siku tatu nyuma, na kumwambia mteja ukweli huo. Kwa fundi cherehani ni kutaja siku ya kumaliza nguo na kuitimiza. Kwa mwenye duka la pembejeo ni kuandika simu za wakulima na kuwajulisha mbegu zinapofika. Mchuuzi anayekuja mara moja kwa wiki na kuondoka jioni hawezi kufanya mambo hayo. Hamjui mteja kwa jina, hawezi kumpa dhamana, wala hatakuwapo keshokutwa kitu kikiharibika. Hiyo ndiyo nguvu ya mwenyeji, nayo wengi wetu tumeiacha bila kuitumia.

Mteja akiwa huru, huduma huboreka

Kabla sijahitimisha, niguse jambo ambalo sote tunalitumia. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikafika kwetu Tanzania. Tavneet Suri wa chuo cha biashara cha MIT na mwenzake William Jack walikadiria, katika makala ya mwaka 2016, kwamba huduma za namna hiyo nchini Kenya ziliziondoa kaya 194,000 katika umaskini uliokithiri, na kwamba walionufaika zaidi ni kaya zinazoongozwa na wanawake.

Hapa kwetu kulikuwa na kero. Mwenye mtandao mmoja hakuweza kumtumia fedha mwenye mtandao mwingine kwa urahisi, kwa hiyo watu walilazimika kubeba laini tatu au nne. Kuanzia mwaka 2014 baadhi ya kampuni za simu nchini zilikubaliana fedha zipite moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na nyingine zikajiunga baadaye. Kampuni hizo ziliendelea kuwa washindani. Lakini mteja hakufungwa tena kwa sababu ya mtandao wa jirani yake. Ikabidi ashindaniwe kwa ubora wa huduma.

Naliona funzo hapo kwa ajili ya ombi lililo mbele yetu. Mteja aliyefungiwa hubaki kwa kukosa pa kwenda, na siku atakapopata nauli ya kwenda mjini, hatarudi. Mteja aliye huru akichagua banda lako, amelichagua kweli.

Tunachoweza kufanya pamoja

Nimeahidi kutotoa uamuzi, nami nitaishika ahadi hiyo. Hata hivyo, nitayaweka mapendekezo manne mezani yajadiliwe pamoja na ombi la kuwazuia wachuuzi.

Kwanza, uwekwe ubao mkubwa katika lango la gulio, na kila siku ya soko ziandikwe bei za mazao makuu katika gulio hili na katika magulio ya jirani. Vijana wawili wenye simu wanatosha kwa kazi hiyo. Ubao huo hautampangia mtu bei. Utamjulisha mkulima, kabla hajashusha gunia lake, kwamba kwingine linanunuliwa kwa kiasi gani.

Pili, mizani itumike kwa kila anayenunua mazao, mwenyeji na mgeni, na lumbesa ikome. Bei ubaoni haina maana kama gunia la mmoja lina shingo na la mwingine halina. Wakala wa Vipimo wanayo mamlaka ya kukagua, nasi tutawaomba wafike.

Tatu, kama malalamiko ni kwamba mchuuzi wa nje halipi ushuru ilhali mwenyeji analipa, hilo ni lalamiko la haki na dawa yake ni ushuru ulio sawa kwa wote, si lango lililofungwa. Halmashauri ina wajibu wa kulisimamia jambo hilo na wananchi wana haki ya kutuuliza.

Nne, wanaohofia kusukumwa nje wasiachwe peke yao. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yupo hapa, ataeleza masharti yake. Ningependa maombi yatakayotoka katika kata hii yasiwe ya kuongeza banda la kumi na moja la nyanya, bali yawe ya wale waliokwisha kujiuliza: ni kitu gani ambacho wateja wetu hukifuata mjini kwa kuwa hapa hakipo?

Ndugu wananchi, lango la gulio laweza kufungwa kwa siku moja kwa kipande cha mti. Imani ya mnunuzi hujengwa kwa miaka. Naomba tutakapokaa kujadili, tuwakumbuke mwenye banda ambaye kodi yake ya mwezi inategemea gulio, na mama aliyetembea kilomita nane na debe la mahindi kichwani. Uamuzi mzuri ni ule ambao wote wawili wataweza kuuelezwa ana kwa ana bila mtu kuinamisha kichwa.

Sasa nakaribisha maswali na maoni, na ningeomba tuanze na wale ambao kwa kawaida hawasemi mikutanoni.